Preavi ni haki, siyo huruma: yale mtumishi, mpangaji na mchuuzi wanapaswa kujua

Katika miji yetu, toka Lubumbashi mpaka Bukavu, kuna maneno mafupi matatu ambayo yanaweza kupindua maisha ya jamaa kwa siku moja. Neno la kwanza linasemwa ku kazi: «Kesho usikuye tena.» La pili linasemwa ku nyumba: «Mwezi ikiisha, mutoke.» La tatu linasemwa katika biashara: «Hatutachukua tena mzigo kwako.»

Wenye kuyasema wanaona hawakukosa kitu. Kazi ni yao, nyumba ni yao, feza ni yao. Lakini mwenye kuyasikia anabaki na hesabu ambazo hazitoshani: watoto wako katikati ya mwaka wa masomo, garanti ya nyumba nyingine haipatikane, deni la depo halijalipwa. Kati ya hawa wawili sheria iliweka kitu kimoja, nacho ni wakati. Wakati huo Wafaransa wanauita «préavis», na watu wetu wamelizoea kwa kinywa: preavi. Kwa Kiswahili cha vitabu tunasema ilani, au taarifa ya mapema.

Tumeona vema kuliandikia jambo hili kurasa nzima kwa sababu watu wengi wanalijua jina lake tu. Mtumishi anafikiri preavi ni zawadi ya patroni mwenye moyo mzuri. Patroni anafikiri akiisha kulipa preavi anaweza kumfukuza mtu yeyote, kwa sababu yoyote. Mwenye nyumba anafikiri kuonya kwa kinywa kunatosha. Wote watatu wanajidanganya, na siku ya tribinali kosa hilo linakula makuta.

Preavi inatoka wapi

Tuanze ku mzizi. Sheria yetu ya makubaliano ni ya zamani sana: ni dekreti ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888, ambayo inaitwa mpaka leo kitabu cha tatu cha sheria ya raia. Kifungo chake cha 33 kinasema makubaliano yaliyofanywa kwa haki yanakuwa sheria kwa wale walioyafanya, tena yanapaswa kutimizwa kwa nia njema.

Sasa, kuna makubaliano yenye mwisho unaojulikana: kontra ya mwaka mmoja, nyumba ya miezi sita. Hapo kila mtu anajua tarehe toka mwanzo. Lakini makubaliano mengi hayana mwisho. Mtu anaanza kazi, haandikiwe siku ya kutoka. Mtu anaingia nyumba, analipa kila mwezi, miaka inapita. Sheria haipende mtu afungwe maisha yake yote na mwenzake; kwa hiyo kila upande uko na haki ya kutoka. Lakini nia njema inakataza kumshtukiza mwenzako. Preavi ndiyo daraja kati ya mambo hayo mawili: uko na haki ya kwenda, lakini siyo haki ya kuniacha njiani usiku.

Wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu. Sheria inadai mawingu hayo yaonekane mapema, kusudi kila mtu apate muda wa kuanua nguo zake.

Jambo moja linasahauliwa mara nyingi: wakati wa preavi, kontra ingali hai. Mtumishi anaendelea kutumika na kulipwa. Mpangaji anaendelea kulala katika nyumba na kulipa. Mchuuzi anaendelea kupokea mzigo na kuulipia. Mwenye kupewa preavi akikaa nyumbani kwa hasira, yeye ndiye anavunja kontra.

Ku kazi: siku 14, kisha 7 kwa kila mwaka

Sheria ya kazi ya Kongo ni namba 015-2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002. Ilirekebishwa katika mambo fulani tarehe 15 mwezi wa saba 2016. Kifungo chake cha 64 kinatoa hesabu ambayo kila mtumishi angeiweka ku kichwa kama vile namba ya telefone yake.

Kama ni patroni anayemaliza kontra isiyo na mwisho, preavi haiwezi kuwa chini ya siku 14 za kazi. Juu ya hizo anaongeza siku 7 za kazi kwa kila mwaka mzima ambao mtumishi alitumika bila kukatika. Hesabu inaanza kesho yake ya siku ambayo barua ilipokelewa. Barua ikikufikia siku ya kwanza, unaanza kuhesabu siku ya pili. Siku ya mapumziko ya juma na siku za sikukuu za taifa haziingie, kwa sababu sheria inasema siku za kazi.

Tuchukue mfano. Fundi wa soudure ametumika katika atelie moja miaka 6 na miezi 8. Miezi 8 haihesabiwe, kwa sababu siyo mwaka mzima. Tunachukua 14, tunaongeza mara 6 saba, yaani 42. Jumla ni siku 56 za kazi. Kwa juma la siku 6 za kazi, hizo ni juma 9 na siku 2: kupita miezi miwili.

Kama patroni hataki kumuona tena ku atelie hata siku moja, anaweza kufanya hivyo, lakini analipa. Sheria inasema mwenye kuvunja kontra bila preavi, ao bila kuimaliza yote, anapaswa kumpa mwenzake feza sawa na mshahara pamoja na faida zote ambazo angepata katika siku hizo. Tuseme fundi wetu anapata dola 208 kwa mwezi wa siku 26 za kazi. Hiyo ni dola 8 kwa siku. Mara 56, ni dola 448. Na hapo hatujaongeza bado feza ya nyumba, ya transporti na mengine ambayo alizoea kupata kila mwezi. Patroni anayempa mtu dola 100 mu anvelope na kumwambia «tumemalizana» hajamalizana naye.

Katika siku za majaribio mambo ni mengine: hapo preavi ni ya siku 3 tu. Tena kuna makampuni na sekta ambazo zina makubaliano ya pamoja kati ya wapatroni na sendika. Makubaliano hayo yanaweza kuongeza siku za preavi, lakini hayawezi kupunguza zile za sheria. Kwa hiyo, mbele ya kuhesabu, uliza delege wa sendika kama kwenu kuna karatasi ya namna hiyo.

Kulipa preavi hakutoshe

Hapa ndipo wapatroni wengi wanaanguka. Wanachanga mambo mawili: wakati na sababu. Preavi ni wakati. Lakini kifungo cha 62 kinadai pia sababu ya kweli: iwe inatokana na uwezo wa mtumishi, ao mwenendo wake ku kazi, ao mahitaji ya kampuni yenyewe. Barua ya kumfukuza mtu inapaswa kuandikwa, tena sababu iwe ndani, wazi.

«Hatuna tena lazima nawe» siyo sababu. «Mukubwa hakupende» siyo sababu. Kuwa memba wa sendika, kuwa na mimba, kuwa wa kabila fulani, hizo pia siyo sababu hata kidogo.

Kama tribinali ya kazi inaona sababu haikukuwa ya kweli, mtumishi anaweza kurudishwa ku kazi. Kama harudishwe, juji anapanga feza ya kulipia hasara, kwa kuangalia aina ya kazi, miaka aliyotumika, umri wake na haki alizokuwa nazo. Sheria iliweka mpaka: feza hiyo haiwezi kupita miezi 36 ya mshahara wake wa mwisho. Na feza hiyo ni mbali na ile ya preavi. Mtu anaweza kupewa preavi yake yote, siku kwa siku, na akashinda kesi juu ya sababu.

Kama kampuni inataka kupunguza watu sababu biashara imeshuka, iko njia yake: delegasio ya wafanyakazi inapaswa kuarifiwa kwa maandishi, na kama ni kufukuza kundi kubwa, lazima ruhusa ya waziri wa kazi. Hiyo pia ni taarifa ya mapema, lakini ya wote pamoja.

Kosa zito: preavi inaanguka

Kuna siku ambayo preavi haidaiwe: siku ya kosa zito, «faute lourde». Wizi ku kazi, kumpiga mwenzako ao mukubwa wako, kuharibu mashini kwa makusudi, hayo ni makosa ambayo yanafanya isiwezekane kuendelea pamoja hata siku moja.

Lakini neno hilo linatumiwa sana mahali ambapo halistahili. Mtu amechelewa mara moja, wanaandika kosa zito, kusudi wasilipe preavi. Sheria iliona hila hiyo, na iliweka saa: mwenye kutaka kuvunja kontra kwa kosa zito anapaswa kuandikia mwenzake katika siku 15 za kazi toka siku aliyojua jambo hilo. Patroni aliyejua jambo mwezi wa pili, akanyamaza, akalitoa mwezi wa saba siku waliyogombana, amechelewa. Tena mtumishi pia anaweza kutoka bila preavi kama ni patroni aliyefanya kosa zito. Mlango huo unafunguka pande zote mbili.

Na wewe unayeacha kazi?

Kolwezi na Likasi, vijana wengi wanaruka toka kampuni moja mpaka nyingine. Sous-traitant huyu analipa dola 20 zaidi, basi kesho yake mtu haonekani tena. Anasema: «Mi nilipata mahali pazuri, njo vile.»

Tunawaelewa. Lakini sheria inamdai mtumishi naye preavi: nusu ya ile ambayo patroni angempa, na haiwezi kupita hapo. Fundi wetu wa miaka 6 angetoa siku 28 za kazi. Akitoka bila kusema, yeye ndiye mwenye deni, na patroni anaweza kudai feza ya siku hizo. Wengi wamepoteza hivi mshahara wa mwezi wa mwisho, kisha wanalalamika ya kwamba wameibiwa. Barua ya mistari mitano ingewaokoa. Na kama patroni anakubali uende mbele ya siku kwisha, aandike. Ruhusa ya kinywa inageuka haraka kuwa kutoroka.

Kuna tena njia ya tatu: kuachana kwa mapatano. Hiyo, watu wa Katanga wanaijua kwa uchungu. Katika mwaka wa 2003, watumishi 10,655 wa Gécamines walitoka kwa mpango ulioitwa «départs volontaires», kwa feza za Benki ya Dunia. Wengi walikuwa na miezi na miezi bila mshahara. Walisaini, wakapokea, na miaka mingi kisha kulikuwa bado wenye kusema hesabu haikukuwa sawa. Hatufungue hapa kesi hiyo. Tunachukua funzo moja: mwenye kusaini mapatano ya kutoka hafukuzwe, na hapewe preavi ya kifungo cha 64, anapata kile kilichoandikwa ku karatasi. Kwa hiyo, mbele ya kusaini, fanya hesabu pembeni: preavi ingekuwa ngapi? Konje ambazo hukuchukua ni siku ngapi? Mishahara ya nyuma ni ngapi? Kama karatasi inatoa chini ya hapo, jua unachouza.

Ku nyumba: miezi 3, na garanti

Nyumba za kulala ziko na sheria yao, namba 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2015. Kwa nyumba ya kulala yenye kontra isiyo na mwisho, preavi ni ya miezi 3. Na garanti haiwezi kupita miezi 3.

Tunajua wasomaji watacheka juu ya neno la mwisho. Ku kartie zetu, komisionere anakuonyesha nyumba na anataja garanti ya miezi 6 ao zaidi, na hakuna anayetoa sauti kwa sababu nyuma yako kuna wengine watano wanaongoja ufunguo. Lakini sheria iko, na siku ya ugomvi juji anaangalia sheria, haangalie desturi ya avenyu.

Desturi nyingine ni ile ya «kula garanti». Mwenye nyumba anamwambia mpangaji: toka leo usinilipe, utakula garanti yako, ikiisha utoke. Wengi wanaona hiyo ndiyo preavi. Siyo kitu kimoja. Garanti ni feza ya mpangaji, iliyowekwa kwa ajili ya madeni na uharibifu. Inapaswa kurudishwa siku ya kutoka kama hakuna deni. Preavi ni wakati wa kutafuta nyumba nyingine. Mtu akila garanti yake yote wakati wa preavi, atalipa na nini garanti ya nyumba mpya? Kama munapatana hivyo, ni haki yenu, lakini muandike miezi mingapi, toka tarehe gani mpaka gani.

Na kama siku za preavi zimekwisha na mpangaji hajatoka? Mwenye nyumba hana ruhusa ya kung'oa mabati, kutoa mlango, kukata mayi ao kutupa vitu mu avenyu. Tunajua mambo hayo yanafanyika. Lakini hakuna mtu anayejifanya juji katika kesi yake mwenyewe. Anaanza ku ofisi ya Habitat ya komini, ambako wanajaribu kuwapatanisha. Ikishindikana, tribinali ndiyo inaamuru kutoka. Mwenye nyumba aliye na barua yake ya preavi yenye tarehe anasikilizwa haraka. Aliyeng'oa mabati anaenda kujibu yeye mwenyewe, hata kama mpangaji alikuwa na deni lake.

Butike, depo na ofisi: miezi 6

Kwa mahali pa biashara, sheria ni nyingine kabisa. Kongo iko memba wa OHADA, na sheria zake za biashara zinatumika kwetu toka tarehe 12 mwezi wa tisa 2012. Ile inayohusu butike, depo, ofisi na atelie ilipitishwa Lomé tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili 2010.

Hapo, kama kontra haina mwisho, mwenye kutaka kuimaliza anapaswa kusema mbele ya miezi 6 kwa uchache. Siyo miezi 3. Tena siyo kwa kinywa: ni kwa njia ya wisie wa tribinali, ao kwa njia nyingine yoyote inayoweza kuhakikisha ya kwamba mwenzako amepokea kweli.

Kama kontra iko na mwisho, kuna mtego ambao umeangusha wachuuzi wengi. Mwenye kufanya biashara yake mahali hapo kwa muda wa miaka 2 kwa uchache iko na haki ya kuomba kontra ifanywe upya. Lakini anapaswa kuomba mbele ya miezi 3 ya mwisho wa kontra. Akilala, haki inapotea. Kontra yako inaisha tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili? Barua yako inapaswa kufika mbele ya mwisho wa mwezi wa tisa. Na mwenye nyumba naye iko na saa yake: kama hajajibu mwezi mmoja mbele ya mwisho, sheria inahesabu amekubali.

Sheria ilifanya hivyo kwa sababu ya kueleweka. Mchuuzi aliyekaa mahali pamoja miaka mingi amejenga kitu ambacho hakionekani: wateja wanajua mlango wake. Kumtoa ni kumwondolea wateja. Ndiyo maana mwenye nyumba anayekataa kufanya kontra upya, bila sababu zile ambazo sheria inazikubali, anadaiwa feza ya kulipia hasara hiyo.

Tusichange tena preavi na «mise en demeure». Hiyo ya pili ni barua ya onyo kwa mwenye kukosa: hajalipa, ao amevunja kifungo cha kontra. Kwa mahali pa biashara, onyo hilo linampa mwezi mmoja kwa uchache kusudi atengeneze, na linapaswa kutaja wazi vifungo ambavyo hakufuata. Bila hiyo, barua haina nguvu. Preavi inamwambia mtu: hukukosa, lakini tutaachana siku fulani. Mise en demeure inamwambia: umekosa, tengeneza, ao tutaenda kwa juji. Wengi wanaandika moja wakitaka nyingine, na kesi yao inaanguka ku mlango.

Kati ya wachuuzi

Sheria hiyohiyo ya OHADA inamlinda ajenti wa biashara, mtu anayefanya mapatano kwa jina la kampuni bila kuwa mfanyakazi wake. Kama kontra yake haina mwisho, preavi ni mwezi 1 katika mwaka wa kwanza, miezi 2 mwaka wa pili ukianza, na miezi 3 toka mwaka wa tatu.

Ndani ya kampuni pia kuna taarifa ya mapema. Washiriki wa SARL wanapaswa kuitwa ku mkutano siku 15 mbele kwa uchache. Jeran anayeita mkutano leo kwa kesho, wakati mshiriki mmoja yuko Dubai akinunua mizigo, anatafuta ugomvi. Siku 15 hizo ni za mtu kusoma karatasi za hesabu, kuuliza avoka, kutuma mwakilishi.

Wale ambao wanauziana mchele, simenti ao mafuta bila karatasi yoyote hawana hesabu ya siku kama hiyo. Kwao inabaki nia njema ya mwaka 1888, na juji anayeipima. Ni afadhali kuandika mstari mmoja mwanzoni: «Mwenye kutaka kusimamisha atasema mbele ya siku 30.» Mstari huo haulipishe kitu, na unaokoa mzigo uliokwisha kuagizwa.

Hata dola inaongeza ao inapunguza wakati

Mwaka wa 2025 ulituonyesha namna wakati unavyokuwa mali. Tarehe 24 mwezi wa pili, mamlaka inayosimamia masoko ya madini ya maana ya nchi ilitangaza ya kwamba kobalti haitatoka tena inchini kwa miezi 4. Uamuzi ulianza kuhesabiwa toka tarehe 22, siku mbili nyuma. Serikali ilitaka kupandisha bei, ambayo ilikuwa imeanguka sana, na nchi iko na haki ya kulinda mali yake. Kuna anayeweza pia kusema: ungetangaza mapema, wote wangekimbiza mizigo yao ku mpaka, na uamuzi haungefaa kitu.

Lakini mwenye kontra ya kuuza, dereva wa lori, deklara wa Kasumbalesa, wote walijikuta siku moja wenye mzigo usioweza kutembea. Kuna makampuni ambayo yaliandikia wateja wao ya kwamba nguvu kubwa kupita uwezo wao, «force majeure», inawazuia kutimiza ahadi. Miezi 4 iliongezwa tena 3, kisha mwezi wa kumi ukaja mpango wa kugawa kiasi kwa kila kampuni. Kwa mara hiyo, mpango ulitangazwa mbele ya kuanza, na kila mtu alipanga hesabu zake.

Na raia naye, Katiba inamdai taarifa kwa dola. Kifungo cha 26 kinasema mwenye kutayarisha maandamano barabarani anapaswa kuarifu kwa maandishi mamlaka inayohusika. Neno la Katiba ni kuarifu.

Mali bila daftari

Katika mambo yote haya, tunarudi kila mara ku kitu kimoja: karatasi. Mwenye nyumba anasema: «Nilikuambiaka zamani!» Mpangaji anajibu: «Hukuniambiaka kitu.» Juji hakuwa hapo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na preavi bila tarehe pia.

Barua nzuri ya preavi haihitaji Kifaransa kikubwa. Inataja nani anamwandikia nani, kontra gani, sababu kama sheria inaidai, siku ngapi, na tarehe ya mwisho. Fanya nakala mbili. Mwenye kupokea anatia saini na tarehe ku nakala yako. Kama anakataa, tafuta wisie, ao upeleke mbele ya mashahidi wawili ambao wataandika majina yao.

Na wewe unayepokea, usiogope kusaini. Kusaini ya kwamba umepokea siyo kukubali yaliyo ndani. Andika kwa mkono wako pembeni: «Nimepokea tarehe fulani, bila kukubali yaliyomo», kisha saini. Mtumishi anayekimbia barua anafikiri anasimamisha saa. Mara nyingi anajipotezea tu ushahidi wa tarehe ambayo ingemsaidia. Ujumbe wa WhatsApp uutunze, unaweza kusaidia, lakini usiuache peke yake ubebe kesi nzima.

Kama ugomvi unabaki, kesi ya kazi haiendi moja kwa moja ku tribinali. Inapitia kwanza kwa inspekta wa kazi, ambaye anawaita wote wawili na kujaribu kuwapatanisha. Nenda na kontra, bulletin za mshahara, barua ya preavi na hesabu yako iliyoandikwa: miaka mizima, mara 7, ongeza 14. Inspekta anaiangalia mara moja, na patroni aliyekuja na dola 100 mu anvelope anaanza kutafuta kalkilatrisi.